Kengele Ndani ya Kipengele

Kengele ililia, na Bi Milimita akaiangusha tepu yake ya kupimia.

Wiki iliyopita tulimwacha papo hapo, uwanjani mbele ya stoo ya hospitali. Lori limefunguliwa nyuma, kitanda cha kwanza kimeteremshwa, na mtunza stoo, mtu asiyeweza kuona kitu cha kubonyeza akakipita, ameshagusa kile kidude kilichofungwa kichwani mwa kitanda. Kring, kring. Kengele ya baiskeli. Imefungwa upande wa kushoto kwa bolti mbili, na inang'aa.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa vitafunwa kabla hajalisoma, nitaeleza haraka haraka, maana lori linasubiri.

Bi Milimita ndiye mwandishi wa vipimo katika ofisi ya manunuzi. Hospitali ikitaka kununua kitu, iwe glavu au jenereta, yeye ndiye anayeandika kiwe na urefu gani, unene gani, kibebe uzito gani, ili muuzaji asije akaleta chochote alichokikuta ghalani. Jina hilo alibandikwa na wenzake siku aliporudisha milango kumi ya choo kwa kosa la kupungua milimita nne.

Bosi wake ni Mkuu wa Manunuzi, ambaye nyuma ya mgongo wake anaitwa Bwana Saini. Hasomi. Ukimpelekea karatasi anaitia saini huku akiongea na simu, na anakurudishia kabla hujakaa.

Miezi mitano iliyopita, Ijumaa jioni, Bi Milimita aliamua kumtega. Alikuwa akiandika rasimu ya vipimo vya vitanda mia na ishirini vya wagonjwa. Kipengele cha kumi na nne kilihusu kichwa cha kitanda, na kilikuwa na sehemu mbili za maana. Yeye akachomeka ya tatu: kila kitanda kifungwe kengele ya baiskeli, ya chuma, upande wa kushoto, inayosikika kwa umbali wa mita ishirini.

Bwana Saini alisaini kila ukurasa.

Bi Milimita alicheka njia nzima. Alipofika kwao kicheko kikageuka hofu, kwa sababu karatasi iliyosainiwa si mzaha tena, ni amri. Jumatatu asubuhi aliichana rasimu ile vipande vipande, akaandika mpya isiyo na kengele, akaipeleka ikasainiwa vilevile bila kusomwa. Wiki tatu baadaye hiyo mpya ndiyo iliyotangazwa kwenye zabuni, na ndiyo iliyoingia kwenye mkataba.

Sasa niambie wewe msomaji, kengele imetoka wapi?

Mtunza stoo naye alitaka kujua. Alipitisha kidole kwenye mkataba mstari kwa mstari, akasema haoni neno kengele popote.

Mwenye mzigo, ambaye mji mzima unamwita Tajiri wa Vitanda, alikuwa amesimama kando ya dimbwi akilinda viatu vyake vyeupe. Alitabasamu kwa upole wa mtu aliyezoea kuwaelewesha wasioelewa.

"Kipengele cha kumi na nne, ndugu yangu. Sehemu ya tatu. Mmeandika wenyewe."

"Hapa kuna sehemu mbili tu," alisema mtunza stoo.

Tabasamu la Tajiri likabaki usoni, lakini likawa kama limesahauliwa na mwenyewe.

Bi Milimita aliokota tepu yake. Alimwuliza Tajiri kwa sauti laini kabisa kama anayo nakala yake, ili waitazame pamoja. Tajiri alifungua mkoba na kuingiza mkono. Wakati huohuo Bwana Saini, aliyekuwa ameshuka kutoka ofisini kuja kuona mzigo, akakohoa. Mkono ukatoka mtupu. Tajiri alisema ameisahau karakanani.

Bi Milimita akakipima kile kitanda ili mikono yake ipate kazi. Urefu sawa. Kimo sawa. Unene wa bomba la chuma sawa, hata milimita haikupungua. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kupokea, na jambo hilo ndilo lililomkata maini, maana alikumbuka kwamba karakana nyingine mbili zilijitoa kwenye zabuni kwa kulalamika kuwa wiki sita hazitoshi kutengeneza vitanda mia na ishirini vya vipimo vile. Huyu mwenye viatu vyeupe hakuwa na wiki sita. Alikuwa na miezi mitano.

Mtunza stoo alitangaza kuwa hatapokea mzigo usiofanana na mkataba hadi mkubwa mmoja amwandikie. Mkubwa mmoja hakuandika, lakini mkubwa mwingine alifika. Huyo ni Metroni, mama wa wauguzi wote, ambaye wagonjwa wake walikuwa wamelala kwenye magodoro sakafuni tangu vitanda vya zamani vilipokatika miguu. Alikuja na wasukuma machela wanne. Hakumsalimu mtu. Alihesabu vitanda ishirini kwa kidole na kuamuru vipelekwe wodi ya wanaume.

"Mkitaka kubishana," aliwaambia, "bishaneni na hivyo mia vilivyobaki."

Saa tano Bwana Saini alimwita Bi Milimita ofisini. Alimwambia kuwa kesho saa tatu mkaguzi kutoka makao makuu anakuja kuangalia manunuzi yote ya mwaka. Kengele zote ziwe zimeshafunguliwa kabla ya jioni. Fundi mwenye spana ameshatumwa. Jambo limekwisha, na asisikie limezungumzwa kwenye korido.

Bi Milimita aliitikia, akatoka. Alipofika kwenye ngazi akasimama. Bosi wake alikuwa amepiga kelele juu ya kengele, juu ya mkaguzi na juu ya spana, lakini swali moja hakuuliza. Hakuuliza kengele zimetoka wapi.

Yeye ndiye, alijisemea. Ndiye aliyempa Tajiri ile rasimu ya kwanza.

Huko wodini, fundi wa spana alikuwa amekutana na mambo. Wagonjwa ishirini, waliokuwa wamelala sakafuni miezi miwili, walikuwa wamepewa vitanda vipya na kitu cha kuchezea ndani ya saa moja. Mmoja alipiga kengele kuomba maji. Wa pili alipiga kuuliza nani amepiga. Wa tatu alikuwa anajibu. Muuguzi wa zamu alikuwa amejishika kiuno katikati ya wodi, hajui aanze kumgombeza nani.

Fundi alianzia kitanda cha mwisho, kando ya dirisha. Hapo alikuwa amelala mzee aliyefanyiwa upasuaji wa koo, asiyeweza kutoa sauti. Fundi alipoigusa bolti, mzee aliukamata mkono wake. Alikuwa na nguvu ambazo mgonjwa wa hali ile hakutarajiwa kuwa nazo.

Metroni aliitwa, na ndipo fundi alipoelezwa. Nusu saa iliyopita mzee yule alikuwa amekabwa na makohozi. Zamani angerusharusha miguu mpaka mtu ageuke amwone, na kama mtu hakugeuka, basi. Safari hii aliipiga kengele. Muuguzi alikimbia kutoka mwisho wa wodi na kumfyonza koo kwa mashine akiwa ameshaanza kubadilika rangi.

Metroni alimwambia fundi, taratibu, kuwa akifungua kengele hiyo atalala kwenye kitanda hicho yeye mwenyewe, na sababu ya kulazwa kwake ataitoa yeye Metroni. Wodi nzima ikaunga mkono kwa kupiga kengele zote ishirini kwa pamoja. Fundi aliondoka na spana yake mfukoni, na watu wa korido ya pili wanasema alikuwa anacheka.

Bi Milimita aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Metroni alimvuta pembeni, kwenye kijichumba cha mashuka.

"Ni wewe?"

"Ulikuwa utani, Metroni. Nilitaka kumkamata bosi."

Metroni alichukua shuka kwenye rafu. Kisha akamweleza kwamba kwa miaka minne amekuwa akiandika barua kuomba wagonjwa wawekewe kitu cha kuitia muuguzi, na barua zote zilisainiwa kuwa zimepokelewa.

"Utani wako umefika mbali kuliko barua zangu," alisema. Akaanza kukunja shuka. "Lakini jiangalie, mwanangu. Aliyekuja na kengele hizi hakuzitoa kwenye mkataba, na wewe ndiye uliyeziandika."

Jioni Bi Milimita alifika kwao kichwa kikiwa kizito. Nyumba yao ni ya vyumba vitatu. Wanaishi yeye, mama yake, na kaka yake mkubwa ambaye ana duka la vipuri vya baiskeli alilorithi kwa baba. Duka lenyewe ni dogo kiasi kwamba bidhaa zisizotoka huishia kulala nyumbani.

Mama alikuwa amekaa sebuleni akijikanda magoti. Alimwomba binti yake amchukulie ndara zake, ziko chini ya kitanda.

Bi Milimita alipiga magoti chumbani kwa mama, akainama. Alizipata ndara. Halafu akabaki vilevile, shavu karibu na sakafu, akitazama mpaka ukutani.

Chini ya kitanda kile, tangu yeye akiwa shule ya msingi, kulikuwa na maboksi. Baba yake aliyanunua mwaka wa mwisho kabla pikipiki hazijajaa mjini, na baada ya hapo hakuna mtu aliyetaka kengele ya baiskeli tena. Maboksi yalikaa humo, watoto wakakua, baba akafariki, mama akafagia kuyazunguka. Ijumaa ile alipokuwa anatafuta kitu cha kipuuzi kuliko vyote cha kuweka kwenye kitanda cha hospitali, hakufikiri kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na upuuzi huo maisha yake yote.

Sasa hapakuwa na boksi hata moja.

Alirudi sebuleni na kuuliza kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida.

"Ah, kaka yako aliziuza zamani," alisema mama, akivaa ndara. "Wiki ile ulipokuwa hutaki kula. Mwenzio sasa nafagia mpaka kwenye kona."

Wiki ile alipokuwa hataki kula ni wiki iliyofuata baada ya Ijumaa ile. Tangazo la zabuni lilikuwa bado halijatoka.

Kaka alirudi akipiga mluzi. Ni mtu wa furaha, mwepesi wa kusaidia, na mwepesi zaidi wa kuahidi. Bi Milimita alimsubiri avue viatu, akamwuliza kengele za baba alimwuzia nani. Mluzi ukakatika.

Alisema alimwuzia Tajiri wa Vitanda, ambaye ni mteja wake wa magurudumu madogo. Tajiri aliulizia kengele, na yeye alikuwa nazo. Mfanyabiashara akiulizwa bidhaa anayo, aseme hana?

"Alijuaje kuwa anazihitaji?" Bi Milimita aliuliza.

Kaka alichukua taulo akaenda kuoga. Mtu ambaye kila siku anaoga kwa makopo mawili ya maji, siku hiyo alikaa bafuni mpaka mama akauliza kama amepata kazi humo.

Bi Milimita hakulitilia maanani. Hasira zilikuwa zimempanda, na zilikuwa na sura moja tu, ya Bwana Saini. Alichokuwa nacho sasa ni tarehe. Kengele ziliuzwa kabla ya zabuni kutangazwa, kwa hiyo Tajiri aliiona rasimu mapema, na rasimu ile ilipita kwenye meza moja tu zaidi ya yake. Alisimama nje ya mlango wa bafu na kumwomba kaka yake aje kesho ofisini kumweleza mkaguzi tarehe hiyo.

Maji yalimwagika kwa muda mrefu.

"Nitakuja, mdogo wangu," sauti ilisema.

Saa tatu kamili mkaguzi alikuwa ameshakaa kwenye chumba cha mikutano. Ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa na penseli nne zilizochongwa sawasawa. Upande mmoja wa meza walikaa Bwana Saini na Tajiri wa Vitanda. Upande wa pili Bi Milimita na Metroni. Kaka alikuwa nje kwenye benchi, amevaa shati jeupe alilofunga vifungo mpaka kooni.

Bi Milimita alikuwa amejiandaa kusema. Bwana Saini akamtangulia.

Alisimama, akaweka kiganja kifuani, akasema kwa huzuni kubwa kuwa amegundua jambo la aibu katika ofisi yake. Kuna mfanyakazi aliyeandika sharti la kengele za baiskeli kwenye vitanda vya wagonjwa. Na kengele hizo, mheshimiwa mkaguzi, zimenunuliwa kwenye duka la kaka yake mzazi. Akatoa karatasi kutoka kwenye faili, nakala aliyopewa na Tajiri jana jioni, akaisukuma mezani kama mtu anayeweka turufu.

Bi Milimita alihisi uso wake ukiwaka moto. Ilikuwa rasimu yake. Kipengele cha kumi na nne, sehemu ya tatu, neno kwa neno.

Mkaguzi aliisoma kuanzia juu. Alisoma polepole kama watu wanaosoma kweli, mpaka akafika chini.

"Saini hii ni ya nani?"

Bwana Saini aliinama kutazama. Sote tunaweza kukisia kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kuufikia mwisho wa ukurasa ule.

"Ni... yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Lilikuwa swali fupi, lakini lilikuwa na meno pande zote mbili. Akisema alisoma, basi kengele aliziidhinisha yeye. Akisema hakusoma, basi anakalia kiti cha nani? Bwana Saini alisema aliipitia kwa jumla. Mkaguzi aliandika "kwa jumla" kwenye daftari lake na kulipigia mstari chini, kisha mstari wa pili.

Bi Milimita akaona mlango umefunguka, akaingia. Alikiri kila kitu. Sharti aliliandika yeye, na kusudi lake lilikuwa kuona kama bosi anasoma. Alijutia, akaichana rasimu Jumatatu, na haikuwahi kutangazwa. Kwa hiyo kama Tajiri anayo nakala, na ameanza kutengeneza vitanda mapema kuliko wenzake, basi kuna mtu aliyempa. Hakutaja jina. Alimtazama tu bosi wake, na chumba kizima kikamtazama pia.

"Umesema vizuri," alisema mkaguzi. "Sasa nisaidie. Tangu iliposainiwa Ijumaa hadi ulipoichana Jumatatu, ilikuwa wapi?"

"Ofis..." alianza Bi Milimita.

Hakuimalizia. Haikuwa ofisini. Ijumaa ile hakutaka kuiacha mezani wenzake wakaiona. Aliikunja akaitia kwenye mkoba. Mkoba aliutundika nyuma ya mlango wa jikoni, na ulikaa hapo Jumamosi yote na Jumapili yote.

"Ilikuwa nyumbani," alisema.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mama yangu." Akageuka kutazama mlango. "Na kaka."

Kaka aliitwa. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti, na kabla hajaulizwa akaanza kusema, akimwelekea dada yake kana kwamba mkaguzi hayupo. Jumamosi ile alikuwa anatafuta kalamu kwenye mkoba wake. Akaona karatasi, akaona neno kengele, akaona idadi.

"Vitanda mia na ishirini, mdogo wangu. Na zetu zilikuwa mia na ishirini na tano. Nilidhani baba ameniona."

Aliipeleka kutoa kopi, akairudisha kabla ya chakula cha mchana, na kopi akampelekea Tajiri, ambaye alimjua kwa biashara ya vitanda. Hakujua kuwa ni siri. Hakujua kuwa ni utani.

"Wewe hujawahi kufanya utani tangu uzaliwe," alisema. "Ningejuaje?"

Bi Milimita alitaka kumpiga kofi, na papo hapo alitaka kumfungua kile kifungo cha shingoni kilichokuwa kinamkaba. Hakufanya lolote. Alikaa akiangalia mikono yake, na alijiona mjinga kuliko siku zote, maana alikuwa amemnyooshea kidole mtu mbele ya watu, na kidole kimerudi kwao jikoni.

Bwana Saini aliegemea kiti. Alipendekeza, kwa sauti ya mtu aliyesamehe, kuwa binti aachishwe kazi leo hii na mambo ya polisi yafikiriwe baadaye.

"Kuna nyingine," alisema kaka.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alieleza kuwa jana alipoulizwa maswali na dada yake alianza kufikiri, na leo asubuhi alipitia dukani kuichukua. Tajiri alimletea Jumatano iliyopita, ili aagize magurudumu makubwa. Alidhani mambo ya hospitali ndivyo yanavyokwenda.

"Ile ya kengele niliitoa mimi, nimekubali. Lakini hii sikuitoa mimi."

Tajiri wa Vitanda akakumbuka kuwa ana simu ya kupiga nje. Mkaguzi, bila kuinua macho, alimwomba akae.

Vilikuwa vipimo vya viti vya magurudumu vya wagonjwa, sitini. Mkaguzi alianza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye upana, sentimita tisini, Bi Milimita alinyanyuka kwenye kiti.

"Hiyo siwezi kuiandika mimi," alisema. "Milango ya wodi zote ni sentimita themanini na tano. Nimeipima mwenyewe. Kiti hicho hakiingii popote." Na zaidi ya hapo, aliongeza, kazi ya viti haijawahi kuletwa kwake. Hajaandika vipimo vya kiti chochote mwaka huu.

Metroni alitikisa kichwa kumuunga mkono. Bwana Saini alikuwa anatazama dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu jana Bi Milimita alihisi ardhi imara chini ya miguu yake.

Mkaguzi aliigeuza karatasi na kuitelezesha mezani mpaka mbele yake. Chini kabisa, palipoandikwa mwandishi wa vipimo, palikuwa na saini. Haikughushiwa. Ilikuwa na ule mkia anaoupinda kulia tangu shuleni, na doa la wino pale kalamu yake mbovu inapokwama.

Akakumbuka. Jumanne ya wiki iliyopita, saa sita, akikimbilia stoo kupima mapazia. Bwana Saini alimkuta kwenye korido na rundo la karatasi, akashikilia kurasa kwa kidole gumba, akamwambia ni za kawaida tu, za kufunga robo mwaka. Zilikuwa saba. Alizisainia ukutani, kwa kusimama, huku mguu mmoja uko kwenye ngazi.

Alirudi kukaa taratibu.

Mkaguzi sasa alifungua jalada lake mwenyewe, lile alilokuja nalo kutoka makao makuu, akatoa karatasi ya pili na kuiweka kando ya ile ya kwanza. Ilikuwa hati ya kupokelea mzigo. Viti vya magurudumu sitini, vimekaguliwa, vimepimwa, vimepokelewa vikiwa vizima. Alhamisi iliyopita. Saini ni ileile, yenye mkia, na iko peke yake.

"Hivyo haviwezi kuwa vimefika," kaka alisema, akishangaa kweli. "Magurudumu yake mimi sijaagiza bado."

Metroni alisema hospitali nzima ina kiti cha magurudumu kimoja, na gurudumu la kushoto limefungwa kamba.

Bwana Saini aligeuka kutoka dirishani. Alizivuta karatasi zote mbili karibu naye. Alizisoma neno kwa neno, juu mpaka chini, bila haraka, mbele ya watu wote. Kisha akazirudisha.

"Mimi hapa sikusaini," alisema.

Na ilikuwa kweli.

Mkaguzi alivua miwani ikaning'inia kifuani, akakusanya penseli zake, akasimama.

"Viti sitini, binti yangu," alimwambia Bi Milimita. "Nipeleke nikavione."

Bi Milimita alisimama naye. Alifika mlangoni, akaushika mkono wa kitasa, na hakujua ageukie kushoto au kulia.